Nimerudi safari wiki 6 zilizopita, ultrasaundi inasema mimba ina wiki 8. Hii hesabu inakaaje wakuu?

#1 Gia ya Tano

Wakuu salama. Niende moja kwa moja maana nimepaki hapa Makambako na kichwa kinagonga.

Mi ni dereva wa malori, ruti yangu Dar, Tunduma, Kasumbalesa mpaka Kolwezi kubeba kopa, yani shaba. Nilitoka nyumbani tarehe 20 mwezi wa kwanza, nikapigwa na foleni kwenda na kurudi, nyumbani nikaingia tarehe 2 mwezi wa tatu usiku. Gari ikaingia gereji so nikakaa home muda mrefu tu. Sasa wife akaanza kutapika asubuhi, tarehe 14 mwezi wa nne tukaenda kupima, kipimo cha mkojo mistari miwili, nikafurahi kama kawaida, wakasema tupige na ultrasaundi. Karatasi ninayo hapa kwenye dashibodi imeandikwa CRL 18 mm, GA 8w2d. Nikamuuliza yule wa mashine hiyo 8w2d ndo nini, akanijibu bila hata kuniangalia, mimba ina wiki nane na siku mbili.

Wiki nane na siku mbili ni siku 58. Rudisha nyuma siku 58 kutoka 14/4 unaangukia 15/2. Tarehe 15/2 mi nilikuwa Likasi wakuu, risiti ya maegesho ninayo. Tangu niingie nyumbani mpaka siku ya kipimo ni siku 43 tu. Hizo 15 za nani? Sijamwambia kitu, nimeaga vizuri nikaondoka. Naomba hekima, kejeli wekeni pembeni.

#2 Kichwa Ngumu

Kejeli tuweke pembeni halafu umeileta humu? Pole mkuu. Hizo 15 ni za yule anayempelekaga sokoni na bodaboda.

#3 Mzee wa Kijiwe

DNA. Uzi ufungwe.

#4 Shangazi Leba

Gia ya Tano kaka yangu usimguse mtoto wa watu. Mi nimekaa leba na kliniki ya wajawazito miaka mingi na hii kesi yako naijua kama ninavyojua njia ya kwetu, wababa wanakuja na karatasi mkononi macho mekundu, hasa nyie wa safari, wanajeshi na wa migodini.

Iko hivi. Sisi hospitali mimba hatuihesabu kuanzia siku mliyolala pamoja, maana hiyo siku mara nyingi hata wenyewe hamuijui. Tunahesabu kuanzia siku ya KWANZA ya hedhi ya mwisho. Ndo maana tunasema mimba ni wiki 40. Kiukweli mtoto mwenyewe anakaa kama wiki 38, zile mbili za mwanzo mama anakuwa hana mimba kabisa, kwanza wiki ya kwanza anakuwa kwenye damu. Na mashine ya ultrasaundi imesetiwa hesabu hiyo hiyo, inapima urefu wa mtoto halafu inakuandikia wiki kwa kuongeza hizo mbili za hewa. Kwa hiyo wiki 8 za karatasi ni kama wiki 6 za kitandani. We umerudi wiki ngapi? Sita. Sasa unalia nini?

Ila nenda kwenye kadi yake ya kliniki kama ameshaanza, angalia palipoandikwa LNMP, yani siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Na ujue mzunguko wake ni wa siku ngapi. Uje na hayo.

#5 Kichwa Ngumu

Ngoja kwanza. Yani mtu anahesabiwa ana mimba ya wiki mbili na hajalala na mtu? Hii hesabu aliitunga mwanamke.

#6 Mwalimu wa Bios

@Kichwa Ngumu aliyeisambaza ni mwanaume, daktari wa uzazi wa Kijerumani anaitwa Naegele, karne ya 19. Unachukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, unaongeza siku 7, unarudi nyuma miezi 3, unapata tarehe ya matarajio. Mpaka leo kadi zinajazwa hivyo hivyo.

#7 Mama Wawili

Aisee uzi huu umenigusa. Mimba yangu ya kwanza baba watoto alikuwa masomoni Dodoma, akaja likizo siku kumi akaondoka. Nikashika. Mama mkwe akawa anahesabu kwa vidole pale barazani, kila wiki anahesabu, nikienda kliniki nikirudi ananiuliza wamesema ngapi, namwambia kwa ukweli wangu, yeye anaenda anakaa na vidole vyake. Wiki zangu zikawa zimezidi za likizo. Hakusema kitu mpaka nimejifungua ndo akamwambia wifi yangu kwamba mtoto kazaliwa "na deni la nusu mwezi". Mtoto saivi ana miaka 9 anatembea kama babu yake mzaa baba, mguu mmoja unapiga pembeni, mama mkwe akimuona anacheka mwenyewe. Lakini yale macho ya miezi ile mi sijayasahau.

#8 Bwana Takwimu

Shangazi Leba umeeleza vizuri lakini umepita haraka. Tupige hesabu kamili maana mleta mada ni mtu wa hesabu. 58 toa 14 ni 44. Yeye amekaa siku 43. Kwa hiyo kwa hesabu yenu wenyewe yai lilitoka 28/2 au 1/3, na yeye ameingia 2/3 usiku. Na yai kama nakumbuka vizuri haliishi zaidi ya siku moja. Tarehe 1/3 mkuu ulikuwa wapi?

#9 Gia ya Tano

@Bwana Takwimu nilikuwa nalala Mikumi na gari.

#10 Kichwa Ngumu

Twende kazi. Mjumbe wa nyumba kumi aitwe.

#11 Shangazi Leba

Nyie watu mnapenda moto. @Bwana Takwimu hiyo 14 ni ya kitabuni, ni ya mwanamke wa mzunguko wa siku 28 unaokwenda kama saa, na hao ni wachache. Kilicho na nafuu ya kueleweka ni upande wa nyuma, yani kutoka yai litoke mpaka hedhi inayofuata ni kama siku 14, inapanda inashuka kidogo kwa mtu na mtu. Upande wa mbele ndo unaovutika. Mwenye mzunguko wa siku 30 yai linatoka kama siku ya 16, wa 35 kama siku ya 21. Mtu akiumwa malaria, akisafiri, akiwa na mawazo, linaweza kuchelewa tena.

La pili, ultrasaundi ya wiki hizo ni nzuri sana lakini haisomi kama rula ya fundi. Inakosea siku kama tano, mbele au nyuma. CRL, yani urefu wa mtoto, unaweka alama kichwani na matakoni mwa kitu kinacholingana na punje ya haragwe, mkono ukiteleza milimita mbili umehamisha siku mbili. We unamfukuza mtu kwa siku moja?

#12 Pwani Ndani

Kwani nyie hamna shughuli. Nipo Likoni hapa nasubiri feri na nimesoma uzi mzima. Nami niulize, mbona kwetu wazee wanasema mwanamke huweza kubeba mimba ikalala? Kuna mama mtaani aliachwa na mume baharia, mtoto akaja mwaka na miezi mitatu baadaye, na mume akampokea.

#13 Mzee wa Kijiwe

Hiyo ipo kabisa. Kusini kule tunaita mimba imehamia mgongoni. Mtu anafungwa, mimba inakaa mgongoni, hedhi anaona kama kawaida, mpaka afunguliwe na mtaalamu. Dada wa baba yangu alikaa nayo miaka miwili. Hamtaki basi.

#14 Mwalimu wa Bios

Mzee wangu shikamoo. Mgongoni hakuna mfuko wa uzazi. Hizo stori ukizifuatilia unakuta vitu vitatu vinne vimechanganywa. Mmoja alikuwa na uvimbe kwenye kizazi, tumbo linakua kweli. Mwingine alichoma sindano ya uzazi wa mpango akakata hedhi mwaka mzima akadhani mjamzito. Mwingine alikuwa na mimba kweli, ikatoka mapema akaona ni damu nzito tu, kisha akashika nyingine, ukoo unahesabu kama moja. Na wapo ambao hamu ya mtoto inawafanya tumbo lijae, maziwa yatoke kabisa, na ndani hamna kitu.

#15 Mzee wa Kijiwe

Marahaba. Na wewe ulikuwepo Masasi mwaka 84?

#16 Lulu ya Ziwa

Mi naona iyo mimba ya kulala iliwasaidia wanawake wengi kuliko inavyowadanganya. Baharia amerudi, mtoto yupo, ukoo unataka amani, wazee wakasema ililala. Kesi imeisha, watu wamekula wali.

#17 Pwani Ndani

@Lulu ya Ziwa hapo umenena. Na yule mama bado yupo na baharia wake.

#18 Gia ya Tano

Wakuu nimerudi. Shangazi Leba nimefanya ulichosema, nimempigia wife kijanja nikamwambia kuna fomu ya bima ya ofisini wanataka taarifa za kadi. Kanipigia picha. LNMP 15/02/2025, EDD (tarehe ya matarajio) 22/11/2025. Nikamuuliza na mzunguko, akasema hana uhakika ila mara nyingi siku 30, saa nyingine 31.

#19 Shangazi Leba

15 ongeza 7 ni 22, rudi miezi mitatu ni mwezi wa 11. Kadi imejazwa sawa. Sasa kaka angalia na hili: ile tarehe 15/2 uliyoirudisha kwa kalkuleta ukasema ndo siku ya tukio, ndo siku mkeo alianza kuona siku zake. Siku ambayo ni ngumu sana kwa mtu kumletea mimba, ndo umeibebea risiti ya Likasi.

Na mzunguko wa 30, hedhi ijayo ingekuwa 17/3. Rudi siku 14. Ni tarehe 3/3. Umeingia 2/3 usiku. Kama ulioga ukalala moja kwa moja utatuambia mwenyewe.

#20 Gia ya Tano

Sikulala moja kwa moja.

#21 Mama Wawili

Hahahaha jamani. Hongera baba kijacho.

#22 Kichwa Ngumu

Mimi sijaridhika. LNMP ya kwenye kadi kaisema nani? Yeye. Hedhi mlimuona nayo? Dereva alikuwa Likasi.

#23 Bwana Takwimu

@Kichwa Ngumu hapo mi nakupinga ingawa mwanzo nilikuwa upande wako. Mashine haikumuuliza mwanamke kitu, imepima mtoto. Imeleta 8w2d. Kadi kwa maneno ya mwanamke nayo inaleta 8w2d. Njia mbili tofauti zimefika sehemu moja. Angetaka kudanganya angehitaji kujua mashine itasoma nini.

#24 Kichwa Ngumu

Anaweza kuwa alipima ultrasaundi peke yake kabla, akajua wiki, ndo akapanga tarehe.

#25 Lulu ya Ziwa

@Kichwa Ngumu we ulifanywa nini na nani?

#26 Kahawa Chungu

Na kama alimwachia mimba kabla ya kuondoka tarehe 20 mwezi wa kwanza? Mbona hamlisemi? Wanawake wengine wanaona damu na mimba ipo.

#27 Mwalimu wa Bios

@Kahawa Chungu ingekuwa ya kabla ya tarehe 20 mashine ingesoma kuanzia wiki 14 na mtoto angekuwa na mikono, miguu, anarusha mateke. Milimita 18 haiwezi. Lakini kuhusu damu uko sahihi, kuna wanaotoka matone mimba ikiwa changa, wanadhani ni hedhi, basi hesabu yote inahama kwa mwezi mzima. Ndo mojawapo ya sababu tunapenda ultrasaundi ya mapema.

#28 Dogo wa Hosteli

Wakubwa shikamooni. Nachomekea hapa hapa. Nipo chuo mwaka wa pili, mi na mwenzangu tunatumia kalenda, siku salama. Tunahesabu siku 14 kuanzia damu IMEKATA, hapo ndo ya hatari, zingine zote tunajiachia. Tuko sawa?

#29 Kahawa Chungu

Dogo siku za hatari ni ya 12 mpaka ya 16. Zingine kula maisha.

#30 Mzee wa Kijiwe

Siku salama ni wiki moja baada ya kumaliza na wiki moja kabla ya kuanza. Sisi tumelea hivyo.

#31 Pwani Ndani

Mimi nilifundishwa siku tatu tu katikati.

#32 Lulu ya Ziwa

Nyie wanne mkikaa meza moja mnatoka na watoto saba.

#33 Mwalimu wa Bios

Dogo wote waliokujibu wamekuuza. Kwanza siku ya 1 ni siku damu INAANZA, haijalishi inakata lini. Mwenzako akitoka damu siku tano na ukaanza kuhesabu hapo, umesogeza kila kitu siku tano, yani siku unayoiita ya 14 ni ya 19. Unakwepa barabara tupu halafu unavuka penye magari.

Pili yai linaishi saa 12 mpaka 24, sawa, lakini mbegu za mwanaume zinaweza kukaa ndani mpaka siku tano zinasubiri. Kwa hiyo siku za hatari ni zile tano KABLA ya yai na siku yenyewe ya yai. Mkilala Jumatatu, yai likatoka Ijumaa, mimba inatunga Ijumaa mko kila mtu kwao. Watu wengi wanadhani mimba inatunga pale pale. Na mwenye mzunguko mfupi wa siku 22, yai linaweza kutoka siku ya 8, maana yake hata siku za mwisho za hedhi si salama kwake, ule msemo kwamba kwenye damu hashiki uanze kuuogopa.

Wale wa shanga za uzazi wa mpango walilifanya rahisi, ukiwa na mzunguko wa kati ya siku 26 na 32 tu, siku ya 8 mpaka ya 19 zote unaziheshimu. Siku 12 nzima. Mzunguko ukitoka nje ya hapo njia hiyo si yako. Na kondomu inakukinga na mengine ambayo kalenda haiyajui.

#34 Dogo wa Hosteli

Daah. Siku 12 si nusu mwezi hiyo. Asante mwalimu. Na kumwaga nje?

#35 Shangazi Leba

Kumwaga nje kumeniletea wateja wengi leba. Kwenye matumizi ya kawaida ya watu, wanawake 100 wanaotegemea hiyo kwa mwaka kama 20 wanashika. Kuna yale maji ya mwanzo yanayotangulia, nayo yanaweza kubeba mbegu, na kuna ule ujasiri wa "nitawahi" ambao saa nane usiku haupo. Halafu mwanamke hahitaji kufika kileleni ndo ashike, hahitaji kulala chali, hahitaji kuwa mzoefu. Mara ya kwanza inashika. Wamesimama inashika. Mmeruka kamba, mmeoga, amekojoa haraka haraka, bado inashika, njia ya mkojo na njia ya uzazi ni milango miwili tofauti.

#36 Kahawa Chungu

Na soda nyeusi je? Mtaani kwetu wanajisafishia.

#37 Shangazi Leba

@Kahawa Chungu mbegu zikishaingia kwenye mlango wa kizazi ni dakika chache tu, soda haizifuati huko. Wanachokipata ni fangasi na michubuko. Maji ya chumvi, limao, majivu, sabuni, yote nimeyaona. Kuna binti alikuja kaungua na yale ya kusafishia choo, sitaki hata kusimulia.

#38 Binti wa Mkwakwani

Mi swali langu kuhusu P2, kile kidonge cha dharura cha kuzuia mimba. Kuna rafiki yangu anaimeza kila wiki, anasema ni sawa na kuitoa mimba so anaogopa dhambi lakini anameza. Mwingine kaniambia ukimeza zaidi ya mara mbili unakuwa tasa. Ukweli upi?

#39 Lulu ya Ziwa

"Kuna rafiki yangu" 😂

#40 Binti wa Mkwakwani

Acha basi dada Lulu.

#41 Shangazi Leba

Binti usijali, marafiki tunao wote. P2 inachelewesha yai lisitoke. Yai likishatoka haina la kufanya, na mimba ikishajishikiza haiitoi wala haimdhuru mtoto. Kwa hiyo si dawa ya kutoa mimba. Inamezwa ndani ya saa 72, na mapema ndo bora, anayemeza usiku ule na anayemeza siku ya tatu hawako sawa. Halafu haina ulinzi wa kesho, kwanza imesogeza yai tu, akirudia tendo baada ya siku mbili yai linaweza kuja kumkuta. Hapo ndo watu wanasema "nilimeza na nikashika".

Utasa haileti. Ila kila wiki inavuruga hedhi mpaka hajui yuko wapi, na ni hela ya bure wakati kuna vidonge vya kila siku, sindano, kijiti cha miaka mitatu au mitano, kitanzi cha shaba kinachokaa miaka zaidi ya kumi. Na kitanzi hicho hicho kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tukio kinazuia kuliko P2. Wengi hawajui.

#42 Mama Wawili

Shangazi kwenye sindano hapo mi nina kesi. Nilichoma baada ya mtoto wa pili, nikaacha, nikakaa zaidi ya miezi nane sioni kitu wala sishiki, mawifi wakasema nimejifunga kizazi kwa tamaa ya mwili.

#43 Shangazi Leba

Sindano ya miezi mitatu ina hiyo tabia, dawa inachelewa kuisha mwilini. Kwa wengi uwezo unarudi kama miezi tisa kumi tangu ile ya mwisho, wengine inazidi. Inachelewesha, haifungi. Kijiti na kitanzi ukitoa unaweza kushika mwezi huo huo, ndo maana tunawauliza mnataka mtoto lini kabla hatujachagua.

#44 Lulu ya Ziwa

Na kunyonyesha mbona hamjasema? Mi nilishika ya pili mtoto ana miezi minane na sijaona hata tone la hedhi tangu nijifungue. Niliambiwa kunyonyesha ni uzazi wa mpango.

#45 Mwalimu wa Bios

Ni kweli ila kwa masharti matatu yote kwa pamoja, mtoto hajafika miezi sita, ananyonya maziwa ya mama tu mchana na usiku bila uji wala maji, na hedhi haijarudi. Hapo inafanya kazi kwa kama 98 katika 100. Sharti moja likianguka umetoka kwenye kinga. Wewe ulikuwa umeshavuka miezi sita na bila shaka uji ulishaanza. Na yai la kwanza linatoka KABLA ya hedhi ya kwanza, kwa hiyo anayesubiri aone damu ndo ajikinge anaweza asiione kabisa, kama wewe.

#46 Lulu ya Ziwa

Uji ulianza mwezi wa nne, bibi yake alisema anashinda na njaa.

#47 Kahawa Chungu

Huku watu wanalia wameshika, mi na wife mwaka wa tatu hatujapata. Amepimwa kila hospitali, wanasema UTI sugu, kila siku dawa za UTI. Ndugu wanasema alichezea ujana. Nisamehe kwa soda nyeusi hapo juu.

#48 Shangazi Leba

Pole baba. Wewe umepima?

#49 Kahawa Chungu

Mimi nipo fiti.

#50 Shangazi Leba

Sijauliza kama upo fiti. Nimeuliza umepima mbegu? Karibu nusu ya wanandoa wanaohangaika, upande wa mwanaume una mchango, na nguvu za kitandani hazisemi lolote kuhusu mbegu. Kipimo chenyewe ni cha kikombe, hakina sindano. Na hiyo UTI, maambukizi ya mkojo yenyewe hayazibi mirija. Yanayoziba ni kama kisonono na klamidia, ambayo huwa mnatibiwa wote wawili, sio mwanamke peke yake. Wakiwa 100 hawajikingi kama 85 hushika ndani ya mwaka, nyie mmeshavuka mwaka, nendeni pamoja kwa daktari wa uzazi.

#51 Kichwa Ngumu

Madereva nao mbegu zinaungua na joto la injini. Gia ya Tano hapo vipi?

#52 Mwalimu wa Bios

Kwa mara ya kwanza leo umekaribia ukweli. Korodani zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili, na joto la muda mrefu linapunguza mbegu. Lakini kupunguza si kumaliza, nenda Tunduma uone watoto wa madereva.

#53 Gia ya Tano

😂😂 Hilo silijibu. Nipo Tunduma sasa, foleni imefika mbali. Wakuu niseme ukweli, nimeelewa kwa asilimia kubwa lakini kuna kitu kinabaki. Kaka yangu mkubwa nimemweleza akasema hesabu za manesi ni za kulinda ndoa za watu, nifanye DNA kimya kimya mtoto akizaliwa.

#54 Bwana Takwimu

Kimya kimya haipo mkuu. Tangu sheria ya vinasaba ya 2009 huendi kwa Mkemia Mkuu na kichupa cha mate kama unapeleka simu kwa fundi, maombi yanapita mahakamani, ustawi wa jamii, polisi au kwa wakili. Na zile takwimu za kwamba wababa wengi wamebambikiwa zinazotembea mitandaoni, kumbuka zinatoka kwa waliokwenda kupima, yani ambao tayari walikuwa na kesi. Huwezi kuhesabu wagonjwa waliopo wodini ukasema nchi nzima inaumwa.

#55 Kichwa Ngumu

Vipi kama kuna mapacha, mmoja wa dereva mmoja wa bodaboda? Nilisoma ipo.

#56 Mwalimu wa Bios

Ipo kweli, mayai mawili yakitoka mzunguko mmoja na wanaume wawili ndani ya siku hizo. Ni nadra sana. Karatasi ya mleta mada ina mtoto mmoja.

#57 Mzee wa Kijiwe

Kijana wa lori, mi nilisema DNA mwanzoni, nabaki hapo hapo. Hesabu zinakaa lakini hesabu zikikaa hazimtaji mtu jina. Zinasema tarehe tu.

#58 Shangazi Leba

Mzee hapo huna kosa, ultrasaundi haimjui baba. Lakini yeye hakuja na ushahidi wa mtu, alikuja na siku 15, na hizo 15 tumeshazipata zilipo. Sasa amebaki na maneno ya kaka yake.

#59 Mama Wawili

Gia ya Tano na mwezi ujao ukiwa na nafasi mpeleke kliniki mwenyewe. Watakupima na wewe, mkitaka kuuliza hizo tarehe muulize mkiwa wote. Usiwe kama mama mkwe wangu na vidole.

#60 Binti wa Mkwakwani

Shangazi Leba nimekutumia PM kuhusu rafiki yangu.

#61 Shangazi Leba

Nimeiona. Saa 72 zinaisha kesho saa nne asubuhi, nenda duka la dawa leo.

#62 Pwani Ndani

Feri yenyewe ilishanipita mara mbili kwa ajili yenu. Dereva tupe mrejesho.

#63 Gia ya Tano

Nimepigwa muhuri upande wa Tunduma, naingia Nakonde, mtandao unakata. Wife kanitumia meseji anauliza ile fomu ya bima ilikubaliwa.

#64 Kichwa Ngumu

Ukamjibuje?